Antena ya CB kwenye pikapu: nusu yake ni gari lenyewe

Kazi yangu ni kusindikiza mizigo mipana na mirefu. Naishi Dallas, na njia zangu nyingi ni za I-20 kuelekea magharibi ya Texas, kupita Abilene hadi Sweetwater, ambako mabawa ya mitambo ya upepo hubebwa juu ya matela marefu kiasi kwamba dereva akikata kona haoni mkia wake. Mimi natangulia na pikapu, mwenzangu anafuata nyuma na yake. Namwambia dereva daraja liko wapi, gari gani limekwama pembeni, nani anataka kuingia barabarani kutoka kituo cha mafuta. Wa nyuma anamwambia kama mkia umeshapita nguzo au bado. Yote hayo yanapita kwenye CB (Citizens Band), redio ya kuzungumzia ya watu wa kawaida, kwa sababu ukibonyeza maiki wote watatu tunasikia papo hapo, na hakuna namba ya kupiga.

Wenzangu wa Kiswahili wanaoingia kwenye kazi hii, pamoja na wale wanaovuta matela madogo kwa pikapu, huniletea magari yao tufunge pamoja. Lalamiko huwa moja: "Kaka, redio hii mbovu. Nasikia watu, lakini wao hawanisikii." Karibu kila mara redio ni nzima. Kinachosumbua ni antena, na kwenye antena kinachosumbua zaidi ni kitu ambacho hakikuwemo kwenye boksi lake, yaani bati la gari. Antena ya gari ina pande mbili. Upande mmoja ni ile fimbo unayoiona. Upande wa pili ni bati lililotandazwa chini yake, na mawimbi hayaondoki vizuri mpaka pande zote mbili zifanye kazi. Ukifunga fimbo ya bei ghali juu ya bati ambalo halikuunganishwa na kitu, umefunga nusu ya antena.

Kabla hujatoa pesa

Hapa Marekani CB ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. FCC, tume inayosimamia mawasiliano, haimdai mtu mmoja mmoja leseni ya kuitumia, ila imeweka mpaka wa nguvu: wati 4 kwa AM, ambayo ndiyo karibu madereva wote wa malori wanayozungumzia, na wati 12 kwa SSB, namna nyingine ya kurusha sauti. Vifaa vya kuongeza nguvu zaidi ya hapo vimepigwa marufuku. Redio ndogo ya kuficha chini ya dashibodi na ile kubwa yenye taa za kila rangi zinatakiwa kurusha wati zile zile. Umbali hununui kwenye redio. Kama bajeti yako ni finyu, chukua redio ya kawaida, na pesa iliyobaki itie kwenye antena, kebo na mikanda ya kuunganishia bati.

Chaneli 19 ndiyo ya malori na 9 imetengwa kwa dharura. Sisi wasindikizaji hukubaliana na dereva chaneli nyingine kabla ya kuondoka, halafu 19 tunaichungulia tu kusikia barabara inasemaje.

Jambo moja kwa wanaofikiria kusafirisha gari nyumbani likiwa na redio yake: uliza kwanza. Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na vifaa vya redio vina masharti yake huko. Uhuru tulio nao hapa ni wa hapa.

Urefu wa fimbo

Wimbi la CB lina urefu wa kama mita 11. Fimbo inayofaa kuliko zote kwenye gari ni robo ya wimbi hilo, yaani mita 2.75 hivi. Ndiyo maana madukani utaikuta fimbo ya chuma cha pua ya inchi 102, ambayo ni mita 2.59, ukiiweka juu ya springi ya inchi 6 inafikia kipimo. Kwa kurusha na kupokea, hakuna fimbo fupi itakayoishinda ikiwa zimekaa mahali pamoja.

Sasa piga hesabu. Paa la pikapu kubwa liko kama mita 1.95 kutoka chini. Ukiweka juu yake mita 2.74 za fimbo na springi, unapata mita 4.69, wakati tela la kawaida la lori linaishia mita 4.11. Utakuwa mrefu kuliko malori unayoyasindikiza. Ukiihamishia bampa ya nyuma utapita chini ya madaraja, lakini kabini itakuwa inaikinga kwa mbele na kila tawi la mti litaicharaza. Fimbo hiyo inamfaa mtu wa ranchi au wa jangwani, asiyeingia mjini mara kwa mara.

Sisi wengine tunanunua antena iliyofupishwa: sehemu ya urefu wake imezungushwa kuwa koili. Kila unapofupisha kuna unachopoteza. Nguvu zaidi inageuka joto ndani ya koili, na antena inakuwa nyembamba, maana yake inafanya vizuri kwenye chaneli chache na kuharibika kwenye nyingine. Mimi sishuki chini ya futi 3, sentimita 90. Chaguo langu la kawaida ni faibaglasi ya futi 4, au fimbo ya chuma ya kama mita 1.5 yenye koili chini.

Mahali koili ilipo ni muhimu kuliko jina la kampuni. Kwenye faibaglasi nyingi waya umesongwa zaidi sehemu ya juu. Antena hiyo unaweza kuiweka chini kidogo, ubavuni mwa boneti au nyuma ya kabini, mradi sehemu ya juu inachomoza kupita paa. Ile yenye koili chini, kama Wilson 1000, inataka bati wazi pande zote za kitako chake. Ukiibandika ubavuni mwa ukuta wa kabini, ile sehemu inayofanya kazi zaidi umeiziba. Nimeona watu wakinunua antena nzuri sana na kuiweka mahali pa antena ya aina nyingine, kisha wakailaumu.

Mahali pa kuifunga

Pikapu ni gari gumu kwa jambo hili kuliko gari dogo. Gari dogo ni bati moja lililochomelewa pamoja. Pikapu ina kabini peke yake na bodi la kubebea mzigo peke yake, kabini imekalia chesisi kupitia raba, bodi limefungwa kwa bolti, na rangi imejaa katikati. Kwa macho ni gari moja. Kwa mawimbi ni mabati mawili yanayotazamana.

Katikati ya paa la kabini ndipo pazuri kuliko pote: bati pande zote, hakuna cha kukinga, na sauti inaenda sawa mbele, nyuma na ubavuni. Kasoro zake ni kutoboa na kimo. Stadi ya kawaida ya CB, yaani kile kikalio cha skrubu kinachoshika fimbo, ile ya inchi 3/8, inataka tundu la inchi nusu, na kikalio cha aina ya NMO kinataka tundu la inchi 3/4. Ukiamua kutoboa, teremsha kwanza kitambaa cha dari uone kilichomo. Magari ya siku hizi yana mifuko ya hewa ya usalama iliyokunjwa kwenye kingo za paa na kwenye nguzo za kioo. Kebo haipiti mbele ya mfuko huo, na drili haikaribii hapo. Kama huna uhakika, mpe fundi anayeyajua magari ya aina yako.

Ubavu wa boneti ndipo ninapopapendekeza kwa wengi. Zipo breketi zilizotengenezwa kwa ajili ya kila aina ya pikapu, zinashikwa na bolti ambazo tayari zimeshikilia madigadi chini ya ukingo wa boneti. Hutoboi kitu, na siku ya kuuza gari unaifungua na kuondoka nayo.

Bodi la nyuma lina matundu ya kuchomekea miti kwenye kingo zake, na breketi zake zipo. Sanduku la vifaa nyuma ya kabini nalo linavutia kwa sababu liko juu, lakini mara nyingi limekalia bodi kwa mpira na rangi, kwa hiyo lazima uliunganishe kwa mkanda hadi chesisi. Kioo cha pembeni kiliwafaa wazee wenye vioo vya chuma. Vya siku hizi vingi ni plastiki. Bampa ya nyuma ni ya mwisho kwenye orodha yangu.

Kuna jambo ambalo wasindikizaji wanapaswa kulitia akilini kabla ya kuchagua: antena hupendelea upande wenye bati jingi. Ukiifunga kwenye pembe ya nyuma kushoto, sauti yako inaenda vizuri zaidi mbele kulia, ikipita juu ya gari zima. Kwa hiyo kwa anayetangulia mzigo, antena ya ubavuni mwa boneti inamsaidia kuzungumza na lori lililo nyuma yake. Kwa anayefuata, antena ya nyuma ya bodi inamsaidia kumfikia dereva aliye mbele. Tofauti si kubwa kama usiku na mchana, lakini lori likizama bondeni nawe ukiwa umeshapanda mlima, hiyo tofauti unaisikia. Na wewe wa mbele mwenye mlingoti wa kupimia madaraja kwenye bampa, weka antena upande wa pili. Upepo wa magharibi ya Texas utazigonganisha siku nzima.

Sumaku, na magari ya alumini

Kikalio cha sumaku ni rahisi: unakiweka juu ya paa, unapitisha kebo, umemaliza. Kwa gari la kukodi au la kampuni ni sawa kabisa. Bati lenyewe halimgusi sumaku moja kwa moja kwa sababu ya rangi, lakini uwazi ule ni mwembamba kiasi kwamba mawimbi yanavuka. Futa vumbi chini yake kila wiki, la sivyo mchanga unakwangua rangi.

Ila sumaku haishiki alumini. Ford F-150 ina mwili wa alumini tangu modeli ya 2015, na Super Duty tangu ile ya 2017. Ndugu mmoja alikuja kwangu na kikalio kipya kizito kwenye F-150 yake. Akakiweka juu ya paa, akakiachia, kikateleza taratibu kwenye kioo cha mbele kama sahani iliyolowa sabuni. Alikuwa ameshatupa boksi na risiti. Kabla ya kwenda dukani, chukua sumaku ya friji ukaijaribu kwenye paa na kwenye boneti.

Alumini haina ubaya wowote kwa mawimbi, inapitisha umeme vizuri. Unachotakiwa ni kutumia breketi au tundu. Tatizo lake jingine ni kuliwa: shaba tupu ikigusa alumini penye unyevu na chumvi ya barabarani, alumini inageuka unga mweupe na mguso unapotea. Kwa hiyo mkanda wako uwe wa shaba iliyopakwa bati jeupe, bolti na washa ziwe za chuma cha pua, na paka grisi ya kuzuia kutu ukishakaza.

Kufunga breketi na stadi

Andaa spana, bisibisi, msasa au tupa ndogo, multimita, mikanda ya kufungia ya plastiki, grisi na mita ya SWR, inayopima nguvu inayorudi redioni badala ya kuondoka (namba ndogo ndiyo nzuri). Kebo iwe ya omu 50, RG-58 au RG-8X, yenye plagi za PL-259 ncha zote zinazohitajika. Kebo ya televisheni ni ya omu 75, iache. Desturi ya kazi hii ni kebo ya futi 18, na hakuna sababu ya kuhangaika na urefu mwingine. Inayozidi usiisokote kama chapati. Ilaze kwa mkunjo mpana chini ya kiti.

Fungua bolti ya madigadi, weka breketi mahali pake, uone inavyokaa. Kisha itoe tena. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Breketi nyingi zimepakwa rangi nyeusi ngumu, madigadi nayo yana rangi, na bolti yenyewe huenda imepakwa kitu. Chukua msasa, kwangua rangi ya breketi kuzunguka tundu la bolti, upana wa sarafu tu, mpaka chuma king'ae. Fanya hivyo hivyo upande wa madigadi. Rudisha, kaza, kisha paka grisi juu na rangi kidogo pembeni ili kutu isianze.

Stadi ina washa moja ya plastiki, na hiyo washa ndiyo inayotenganisha kiini cha kebo na bati. Kwenye stadi za kawaida, sehemu ya chini ambapo plagi inaingia inagusa breketi, na washa ya plastiki inakaa juu, kifua chake kikizama ndani ya tundu, ili stadi ya juu isiguse chuma. Watu huiweka upande usio wake, au huikaza mpaka inapasuka. Angalia mchoro uliokuja nayo, kaza kwa kiasi, halafu usiamini macho, pima.

Kupima ni hivi. Usiweke fimbo bado, na kebo usiiunge redioni. Weka multimita kwenye omu. Gusa kiini cha plagi ya upande wa redio na ganda lake: kusiwe na mpitisho wowote. Ukiona mpitisho, kuna mahali pameshikana, na kwa kawaida ni ile washa. Kisha gusa kiini hicho na stadi ya juu: iwe karibu na sifuri. Mwisho gusa ganda la plagi na chuma kitupu cha chesisi: nacho kiwe karibu na sifuri, chini ya omu 1. Vipimo hivi vitatu vinachukua dakika tano, na kwa magari niliyoyashika, vimenionyesha kasoro kabla hata redio haijawashwa.

Kebo ipite mbali na mabomba ya moto ya injini na mbali na pedali. Kutoka chumba cha injini, tafuta raba ambayo tayari inapitisha nyaya kwenye ukuta wa kabini, itoboe kidogo, upite hapo. Usiibane kwenye mlango. Mlango unaofungwa mara thelathini kwa siku unaiponda kebo mpaka ganda lake la waya linakatika ndani, huku nje inaonekana nzima.

Kuunganisha mabati

Sehemu hii watu wengi huiruka, na mimi ndiyo nisiyokubali kuiruka. Nunua mikanda ya shaba iliyosukwa, bapa. Waya wa mviringo wa kawaida unapitisha umeme wa betri vizuri, lakini kwa mawimbi ya CB bapa na fupi ndiyo inayofaa. Mkanda wa sentimita 20 ni bora kuliko wa sentimita 60.

Anza na kabini hadi chesisi, nyuma ya kiti cha dereva kwa chini. Fuata na bodi la mzigo hadi chesisi, sehemu mbili ukiweza, moja kila upande. Kama antena iko ubavuni mwa boneti, unganisha boneti na mwili wa gari karibu na bawaba zake, kwa sababu bawaba zina grisi na rangi na haziaminiki. Kama antena iko kwenye sanduku la vifaa, liunganishe sanduku na bodi, na bodi na chesisi. Bomba la moshi nalo likiunganishwa na chesisi kwa nyuma hupunguza kelele redioni, ingawa hilo unaweza kuliacha mpaka usikie kelele zenyewe.

Kila mguso ni kazi ile ile ya msasa: chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Rafiki yangu Mkongo, anayefuata mizigo upande wa nyuma, alikuja na breketi iliyofungwa na fundi wa dukani. Mita ya SWR ilionyesha zaidi ya 3 kwenye chaneli zote. Tulipoitoa breketi, rangi nyeusi chini yake ilikuwa inang'aa kama ilivyotoka kiwandani, hata mkwaruzo hauna. Tukakwangua, tukarudisha, kipimo kikashuka hadi 1.9. Tukafunga mkanda mmoja wa bodi na chesisi, kikashuka hadi 1.4. Fimbo ilikuwa ile ile, kebo ile ile, redio ile ile.

Umeme wa redio

Waya mwekundu uende moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri na si karibu na redio, ili waya ukikwaruzwa njiani fyuzi iwahi kukata. Tumia kiwango cha fyuzi kilichoandikwa kwenye karatasi ya redio. Waya mweusi ufunge kwenye chesisi au kwenye pointi ya ethi ya gari. Magari mapya mengi yana kihisi kwenye kichwa hasi cha betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka; ukifunga ethi yako juu ya kichwa chenyewe unakipotosha. Kufunga umeme kwenye tundu la kiberiti kunafaa kwa siku moja mbili, baadaye utasikia mlio wa jenereta ukipanda na kushuka na mwendo wa injini.

Kupima SWR

Usibonyeze maiki kabla hujaunganisha antena, hata kwa kujaribu. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi redioni na kuunguza sehemu ya kurushia.

SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kuondoka. Ikiwa 1.5, inayorudi ni asilimia 4. Ikiwa 2, ni asilimia 11. Ikiwa 3, ni robo nzima, na hapo usirushe tena mpaka upate kasoro. Chini ya 1.5 ni vizuri, hadi 2 inakubalika.

Toa gari kwenye uwanja mpana, mbali na majengo, miti na nyaya za umeme. Usipimie ndani ya gereji. Funga milango na boneti, na mtu yeyote asisimame karibu na antena. Unganisha mita kati ya redio na kebo ya antena kwa kipande kifupi cha kebo. Chagua chaneli 20, hakikisha hakuna anayezungumza, weka swichi ya mita kwenye FWD, bonyeza maiki bila kusema neno, zungusha kitufe mpaka sindano ifike kwenye alama ya SET. Ukiwa bado umebonyeza, geuza swichi kwenye REF au SWR, soma. Achia. Rudia kwenye chaneli 1 na chaneli 40, kila mara ukiisawazisha sindano upya. Andika zote tatu kwenye karatasi.

Kama 40 iko juu kuliko 1, antena ni ndefu mno: ifupishe. Kama 1 iko juu kuliko 40, ni fupi mno: irefushe. Kama zote ziko juu ya 3, usiguse urefu kabisa, rudi kwenye washa, kebo na bati, kwa sababu huo si ugonjwa wa urefu.

Mfano wa pikapu yangu siku ya kwanza: chaneli 1 ilisoma 1.3, chaneli 20 ikasoma 1.6, chaneli 40 ikasoma 2.1. Ndefu. Kwenye fimbo ya chuma unalegeza skrubu ndogo kwenye shingo na kuisukuma ndani kidogo, milimita 3 kila mara, unakaza, unapima. Ikifika mwisho na bado ni ndefu, ndipo unakata, milimita 3 hizo hizo, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi. Faibaglasi zenye kichwa cha kurekebisha, kama Firestik, zina skrubu juu chini ya kofia ya plastiki: ukiizungusha kuingia unafupisha, kutoka unarefusha. Rudisha kofia kabla ya kupima, maana nayo inabadilisha kipimo. Niliishia 1.5 kwenye 1, 1.2 kwenye 20 na 1.5 kwenye 40. Zikifanana pande mbili na katikati ikiwa chini, umefika; kusaka 1.0 ni kupoteza jioni yako.

Na usiichukue SWR ya chini kuwa ushahidi wa kila kitu. Kebo iliyoingia maji inameza nguvu ikienda na ikirudi, hivyo mita inaonyesha namba nzuri huku hakuna anayekusikia. Jaribio la kweli ni barabarani: muombe mwenzako asimame kituo cha mafuta, wewe endesha kwenda mbali, na kila maili moja muite kwa CB aseme sauti ikoje. Kisha rudi ukitokea upande mwingine. Mkifanya hivyo mtajua antena yako inapendelea upande gani, na mtalijua hilo kabla ya siku ya mzigo.

Mara nyingine utasikia watu wa jimbo la mbali sana wakizungumza kana kwamba wako mtaani, na wa karibu yako wamezama chini ya kelele zao. Hiyo si hitilafu. Jua likichachamaa, tabaka za juu za anga huyarudisha mawimbi haya chini umbali mkubwa. Subiri, au hamieni chaneli nyingine.

Baada ya hapo

Pima kimo cha gari kutoka ardhini hadi ncha ya antena, ukiandike kwenye kipande cha tepu na kukibandika mbele ya usukani. Kwenye mashine ya kuosha magari, fungua fimbo uiweke ndani na kifunike kichwa cha stadi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza fungua plagi ya chini ya stadi uangalie kama kuna unyevu; kama upo, kausha, paka grisi ya silikoni, funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Mwezi mmoja tangu siku ya kufunga, shika spana upitie kila bolti ya breketi na ya mikanda, kwa sababu mtikisiko wa barabara hulegeza hata ulichokikaza vizuri, kisha pima chaneli 1, 20 na 40 na uzilinganishe na ile karatasi ya siku ya kwanza.